Nafasi ya Mume

Agustina alikuwa katibu wa kikundi cha ushonaji cha kijiji kwa sababu moja tu: wakati wa uchaguzi alikuwa amekwenda msalani. Aliporudi akakuta ameshachaguliwa na watu wameshapiga makofi.

Mwaka huo, wa pili tangu Operesheni Vijiji iwakusanye, alipewa kazi ya kuwatafutia washonaji saba mahali pa kutibiwa. Kazi yenyewe haikuwa ya kungoja. Gati alikuwa na mimba ya miezi saba, na mimba yake ya kwanza iliishia kwa mtoto mfu na damu iliyokaribia kumwondoa yeye pia. Gati hakuwa mshonaji. Alikuwa mke wa mshonaji, Robi.

Robi naye ni mwanamke, mjane wa miaka hamsini na kitu, asiye na mtoto wa kiume. Alitoa ng'ombe akamwoa Gati ili mji wa marehemu mumewe usifutike. Wakurya huita ndoa hiyo nyumba ntobhu, na Tarime nzima hakuna anayeishangaa.

Zahanati ya kijiji ilitibu bure. Dawa zake zilikuwa bure na hazikuwapo. Bwana wa bima alikuja kutoka Musoma na begi jeusi, akaeleza asubuhi nzima, ndipo akafika mahali pa kusema kwamba fedha hutoka mtu akifa au akikatika kiungo.

"Kwa hiyo nikitaka kutibiwa, nianze kwanza kufa?" Robi akauliza.

Bwana wa bima akasema mama hajamwelewa. Agustina aliona Robi ameelewa vizuri kabisa.

Ikabaki hospitali ya misheni, mwendo wa nusu siku kwa lori. Kikundi kikilipa ada ya mwaka, kila mfanyakazi hupata kadi ya kumtibu yeye, mume au mke mmoja, na watoto. Upasuaji nao umo. Agustina akajaza fomu kwa mwandiko wake mzuri wa shule, akaituma.

Ilirudi baada ya wiki moja, na kalamu nyekundu kwenye mstari wa Robi, palipoandikwa jinsia: "Mwanamke hana mke. Sahihisha." Karani aliitwa Method, mtu wa Bukoba, na sahihi yake ilikuwa ndefu kuliko sentensi yenyewe.

"Mama, tumwandike Gati kuwa binti yako," Agustina akasihi. "Ni neno tu."

Robi akaweka mkasi chini. "Nitoe ng'ombe kumi na nane nimwoe binti yangu? Mwanangu, unataka nilaaniwe?"

Agustina akaandika "mkwe". Fomu ikarudi: mkwe hana nafasi. Akaandika "mtegemezi". Ikarudi: fafanua. Alichoka mpaka akawa anagombana na Method akiwa peke yake jikoni. Tumbo la Gati halikungoja mtu afafanue.

"Nifute mimi," Robi akasema siku moja, bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mwandike yeye mahali pangu. Atashona vifungo."

"Na wewe ukiugua?"

"Nitaugua baadaye."

Basi Agustina akaandika: mfanyakazi, Gati. Alipofika kwenye nafasi ya mume hasira zikampanda, akaandika ROBI kwa herufi kubwa. Fomu ikarudi na muhuri. Nafasi ya mume haikuuliza jinsia, na Method alikagua nafasi, si majina. Kwa Wakurya Robi ni jina la kike, lakini huko Bukoba halimwambii mtu kitu, na Agustina hakuona sababu ya kumfundisha karani.

Uchungu ulimshika Gati Jumanne alfajiri. Lori la kijiji likawafikisha saa sita mchana. Daktari akasema mtoto amekaa vibaya, lazima mama apasuliwe, na mume atie sahihi. Method akatoka na karatasi mkononi.

"Mume wa Gati! Bwana Robi!"

Robi akasimama, akakaza kanga yake.

"Shikamoo, mama. Nimemwita mume."

"Marahaba. Nimeitika."

Method akaitazama kadi, akamtazama Robi, akairudia kadi. "Hii kadi ni ya uongo."

"Uongo uko wapi?" Agustina alisikia sauti yake inapanda na hakuizuia. "Umeuliza mume, tumekwambia mume! Aliyetoa mahari ni huyu. Atakayemlea mtoto ni huyu. Kama una mume mwingine humo kabatini, mtoe atie sahihi, mwenzetu anakufa!"

"Lazima nimwambie mkubwa," Method akasema, jasho likimtoka. "Kikundi chote kitafutwa."

"Futa kesho," Robi akasema. Alikuwa ameshanyoosha kidole gumba. "Leo nipe wino."

Method akampa.

Barua ya hospitali ya kukifuta kikundi, wote saba, ilifika baada ya wiki mbili, na ikabidi Agustina aanze upya kutafuta. Aliisomea nyumbani kwa Robi, kwa sauti ya chini, kwa sababu mtoto alikuwa amelala kifuani pa Gati.