Mita Sita na Nusu

Jirani aliwahi kumuuliza mjane, "Hivi, mwenzangu, mumeo akija na tope lote lile, nani anapiga deki?"

"Mimi. Yeye ananyanyua miguu."

Marehemu alikuwa msoma kipimo cha mto. Kwa miaka ishirini na miwili alishuka kila asubuhi kwenye nguzo yenye namba, akaandika maji yamefika wapi. Siku mafuriko yalipobeba daraja, aliandika mita sita na nusu, kisha mto ukambeba na yeye. Wiki moja baada ya maziko alianza kurudi, kila saa kumi jioni, daftari kwapani. Mjane alimshukuru Mungu, akatandika gunia mlangoni.

Wakubwa wa ofisi ya maji waliikata namba ile kwa kalamu nyekundu. Mto haujawahi kupita mita nne, walisema. Mzee, kwa maneno yao, aliingiwa na hofu, akakosea.

Ndipo akaja mtafiti wa madaraja ya kuhimili mafuriko, mwanamke mpole wa makamo. Alimwamkia marehemu, akakaa mkabala naye, akaisogeza kompyuta isidondokewe na maji.

"Mzee, ulisoma mwenyewe?"

"Mara mbili. Ya kwanza nimesimama, ya pili naelea."

Akaandika.

Baada ya miezi mitatu alirudi, na safari hii hakukaa. Daraja jipya lingejengwa kwa kimo cha mita tano. Namba ya mzee ilikuwa ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, maana fomu inataka sahihi ya msomaji aliye hai.

"Na binti yetu?" mjane aliuliza. Binti alikuwa nesi kwenye zahanati ya ng'ambo ya mto. "Wewe wako ungemvusha hapo?"

Mtafiti alitazama viatu vyake. "Dada yangu, ripoti imeshagongwa muhuri."

Daraja lilijengwa, likapakwa rangi, watu wakavuka.

Mvua kubwa ilipoanza, marehemu alikuja saa yake ile ile. Mjane alishika dekio, lakini mumewe hakunyanyua miguu.

"Binti anatoka zamu saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Aliliweka daftari mezani, akatazama uani, kwenye kamba ya kuanikia. Mjane akatoka, akaanua nguo zilizolowa, akamfungulia kamba. Marehemu aliikunja begani, akaivuta ncha yake kuona kama ni imara, akatoka kuelekea darajani.