Neno la Kwanza la Jude

Jude alipotimiza mwaka mmoja, mama yake Namono alimwita mpiga video wa harusi aje amrekodi mtoto akikata keki. Namono alikuwa fundi cherehani huko Namakwekwe, Mbale. Mumewe Ojwang, Mjaluo kutoka Kenya, alikuwa Bugembe, nje ya Jinja, akiziba matairi ya malori. Nyumba yao ilikuwa ya Kiswahili, kwa kuwa Ojwang hakujua Kigisu, Namono hakujua Kijaluo, na kila mmoja alimngoja mwenzake aanze kujifunza.

Video iliingia kwenye simu ya Ojwang asubuhi, akiwa anakunywa chai na dada yake mkubwa, Awuor. Awuor alikuwa na hoteli ndogo kando ya karakana, na madereva wote wa barabara ile walimwita Dada. Waliinamia simu pamoja. Mtoto, aliyepakaa keki hadi kwenye nyusi, akaitazama kamera na kusema neno.

Awuor aliruka. "Umesikia? Ameniita! Neno lake la kwanza, dada!"

Ojwang alirudisha video nyuma. Dada. Akairudisha tena. Dada. Moyo ukamwuma, lakini lori lilikuwa linangoja, akatia simu mfukoni na kuingia chini yake. Huko chini akaegemea simu vibaya, video ikaanza kucheza yenyewe. Sauti ndogo ikatoka mfukoni, safi kabisa: "Baba."

Alitoka mbio hata akagonga kichwa kwenye bampa. "Amesema baba!"

"Lete hapa," Awuor akasema. Wakatazama. Dada.

Ojwang akafumba macho. Baba. Akafumbua. Dada. Alifumba jicho moja, akasikia dada. Akamwita Sulaiman, mchomeleaji wa jirani, aliyekuja na miwani yake myeusi usoni.

"Anasema baba," Sulaiman akasema bila kusita.

"Vua miwani," Awuor akamwamuru.

Sulaiman akavua, akatazama, akairudisha miwani usoni haraka kama mtu aliyeona ajali. "Mimi simo katika mambo haya," akasema, akarudi kwenye geti alilokuwa akichomelea.

Kufikia jioni karakana ilikuwa na pande mbili: waliotazama na waliosikiliza tu. Madereva waligeuza viti vyao wakae wakiipa simu kisogo, wengine wakakataa kugeuka. Dereva mmoja alifungwa macho kwa kipande cha tyubu ya tairi, akaapa ni baba. Alipofunguliwa akaapa ni dada, akalia kwa hofu kwamba ameapa uongo mara moja, na hajui ni mara ipi.

Jumapili Awuor alisimama kanisani kutoa shukrani kwa kuitwa na mtoto. Ojwang naye akasimama. "Ndugu zangu," akasema, "tufumbe macho." Waumini wakafumba, wakidhani ni maombi. Akaweka simu kwenye maikrofoni.

"Baba," ikasema spika.

"Amina," likajibu kanisa zima.

Awuor akampokonya simu, akaanza kupita nayo kiti kwa kiti akiwafungua watu macho. Mchungaji aliwasihi waende Mbale wakamwulize mtoto mwenyewe.

Wakaenda. Jude aliulizwa, kwa upole na mbele ya watu wazima watatu, alisema nini. Akachukua simu na kuitafuna.

"Mnamsumbua bure," Namono akasema. "Mimi nilikuwa hapo, na hata sikusikia kitu. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma."

Zulaika, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa akianika nguo. Kazi yake ni kufundisha watoto viziwi. Aliomba simu, akaifuta mate, akazima sauti, akatazama midomo tu.

"Huyu mtoto hasemi baba wala dada," akasema. "Anasema gaga. Tazameni, midomo haigusani hata kidogo. Jaribuni kusema baba bila kufunga midomo."

Wote wakajaribu. Ojwang alijaribu mara nyingi zaidi, akitoa sauti za mtu anayepaliwa.

"Basi hiyo baba inatoka wapi?" Awuor akauliza. "Na dada yangu je?"

"Baba iko kwenye sauti. Gaga iko kwenye picha. Dada haiko popote, wifi yetu. Mnaitengeneza nyinyi. Ubongo haungoji macho yamalize kazi yake na masikio yamalize yake. Unavichanganya mapema, kabla hujajua umesikia nini, na vikipingana unatafuta neno la katikati."

"Yaani nimeitwa na kichwa changu mwenyewe?"

Zulaika akamrudishia simu kwa adabu.

Ndipo Namono akaenda kumleta mpiga video. Muzafaru alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu hadi kifuani na sauti nyembamba. Alipoelezwa, akatazama chini.

"Mashine ilikuwa imefunika sauti yote," akasema. "Nikaona ni aibu kumpelekea mzee video bubu. Nikaweka sauti ya mtoto."

"Mtoto gani?" Ojwang akauliza.

Muzafaru alikohoa, akabana pua kidogo, akasema: "Baba."

Namono alicheka hadi akakaa chini. Muzafaru akaahidi kuifuta, lakini Awuor akamkataza kuigusa simu. "Najua ni wewe," akasema, "lakini nikitazama bado ananiita dada. Kujua hakujabadilisha kitu. Iache." Na kweli, walitazama tena, wakijua yote, na wote wakasikia dada.

Ojwang alirudi Bugembe na kazi yake. Tatizo lilikuwa akifumba macho. Aliisikia ile sauti, akajua ni ya nani, na bado kifua kikamjaa joto ambalo hakulipangia pa kwenda. Alivumilia wiki nzima, kisha akapiga simu Mbale.

"Muzafaru," akasema, "umekula?"

Sauti nyembamba ikakohoa upande wa pili.

"Nimekula, baba."

"Haya," Ojwang akasema. "Usichelewe kulala." Akakata simu, akaingia chini ya lori.