Mtufaha wa Makombo

Ko! Kitu kiligonga bati la jiko, kikabingirika, kikakwama kwenye mfereji wa paa. Bado giza. Mama alishtuka, mkono ukampapasa bintiye. Yupo, amelala fofofo.

"Tawi kavu," akajisemea. Lakini usingizi ulishamruka. Leo shemeji yake alikuwa anakuja kuukata mtufaha.

Mti ule hakuna aliyeupanda. Marehemu baba mkwe alizoea kula matufaha mlangoni mwa jiko na kutupa makombo pale panapomwagwa maji ya vyombo. Mbegu moja ikashika. Na mtufaha wa mbegu haufanani na mama yake, kwa hiyo aina ile ilikuwa na mti mmoja tu duniani, na tunda lake hakuna aliyewahi kulionja. Kila mwaka shemeji aliupogoa, akaunyoa ncha zote kama kinyozi. Kila mwaka, majani matupu.

Kulipokucha shemeji akaingia, msumeno begani, mama mkwe nyuma yake.

"Shemeji, kamba yako ya nguo itafutie nguzo nyingine."

"Uvumilie mwaka mmoja tu, shemeji."

"Uzae lini, mimi nikiwa kibogoyo?"

Mama mkwe akacheka, kisha akakaza uso. "Banda la kuku linataka nafasi, mwanangu. Tusibembelezane."

Msumeno ukauma gome. Unga mweupe ukamwagika. Mama akahisi kama anakatwa yeye; ndipo akakumbuka. Tawi kavu gani linalobingirika? Akaudaka mpini kwa mikono miwili.

"Niachie, utajikata!"

"Nipande juu kwanza. Nikishuka, kata hata mlango!"

Akaegemeza ngazi kwenye jiko, akapanda. Mferejini akaokota tufaha, jekundu shavu moja, limebonyea. Akamrushia mama mkwe. Mkwe akalifuta kwenye nguo, akauma, akatafuna polepole.

Mama akalitazama tawi lililotambaa juu ya bati na kupotelea upande wa pili, penye uchochoro usiopitwa na mtu. Mkasi wa shemeji wa kupogolea haukuwahi kulifikia. Ncha zake zote zilikuwa nzima.

"Shemeji, unazaa kwenye ncha! Ndizo unazozinyoa!"

"Tufaha moja? Kalidondosha kunguru hilo." Akarudisha msumeno kwenye jeraha lile lile. "Shuka, mti usije ukakuangukia."

Mama hakushuka. Alikumbatia bati, macho kwenye meno ya msumeno.

Sauti ndogo, ya kutoka usingizini, ikaja kutoka uchochoroni:

"Mama, huku nyuma kuna mengine mengi."