Next ya Mwisho

Kiharusi kilipompiga Kukhu Nabwile mwezi wa Aprili, kilipita kichwani mwake kama mwizi mwenye haraka. Kilibeba Kibukusu chote, kikabeba Kiswahili, kikabeba na Kiingereza, kisha katika purukushani za kutoka kikaangusha neno moja mlangoni. Neno lenyewe lilikuwa "Next".

Watu wa Kitale hawakushangaa sana. Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, alikuwa muuguzi wa zahanati tangu enzi za sindano za kuchemshwa, na miaka yote hiyo alisimama kwenye mlango wa chumba cha sindano akiita "Next", hadi wengi wakasahau jina alilobatizwa. Mjini aliitwa Sista Next. Wapo wanaume wenye ndevu zao ambao hadi leo wakilisikia neno hilo benki, mkono huenda wenyewe kushika makalio.

Aliyeshangaa ni mwanawe, Wakoli, muuza mbegu na mbolea, aliyefika kutoka Kanduyi na gari lake la Probox.

"Mama, unaskia njaa?"

"Next."

"Nikuletee uji ama chai?"

"Next."

Wakoli akakaa kitini. "Sasa hii ni gani, bana?"

"Chai," alisema msichana aliyesimama mlangoni. "Na usiweke sukari. Ameshakuona ukiangalia kopo."

Huyo alikuwa Nakhumicha, mjukuu wa Kukhu, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya bweni nje kidogo ya mji. Mama yake alifanya kazi Mombasa, kwa hiyo tangu utotoni nyumbani kwake palikuwa kwa Kukhu. Alipokuwa chekechea, alikuwa akitoka darasani na kwenda kuketi kwenye benchi la zahanati, nyuma ya wagonjwa wote. Benchi likishabaki tupu, Kukhu alitoka mlangoni, akalitazama kushoto na kulia kana kwamba lina umati, kisha akaita kwa sauti kubwa, "Next!" Nakhumicha aliingia ndani, akatoa ulimi ukakaguliwa, akakutwa na ugonjwa mkali wa njaa, na kuandikiwa mandazi mawili. Kisha walifunga mlango, wakaenda nyumbani.

Shuleni, Nakhumicha alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakikuingizwa kwenye ripoti: aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Aliwahi kuliamuru bweni zima lizime taa kwa sauti ya matroni, naye matroni akiwa amelala fofofo. Sikio hilo, lililomfyekesha nyasi nyingi za shule, sasa ndilo lililokuwa mdomo wa Kukhu. Kabla wiki haijaisha alikuwa amejua kwamba Next ya kukata ni "sitaki", na Next inayopanda mwishoni ni "endelea, huo umbea ni mtamu". Ile iliyoshuka polepole, kama mtu anayeweka mtungi chini, ilikuwa asante. Hiyo ndiyo Kukhu aliyoitumia kuliko zote. Alimshukuru nayo Wacuka, jirani aliyeleta maziwa kila asubuhi na ambaye wote walimwita Mama Gathii.

"Nimeambiwa asante na watu wengi," Mama Gathii alisema siku ya kwanza alipofafanuliwa. "Lakini hii imenifika mpaka kwa magoti."

Ukweli usifichwe: kipaji hicho kilitumika vibaya pia. Jumapili moja shemasi alikuja kumwombea mgonjwa. Alikuwa ameombea nchi za Afrika Mashariki moja baada ya nyingine, na ndiyo kwanza alikuwa anaingia Burundi, Next kali ilipotoka nyuma ya pazia. Shemasi akasema amina papo hapo. Kukhu, ambaye hakuwa amefungua kinywa, aligeuza macho polepole hadi kwenye pazia, na bega lake lililo zima likaanza kutikisika kwa kicheko.

Kisha shule zikafunguliwa, na Nakhumicha hakwenda. Alisema mgonjwa hawezi kuachwa bila mdomo. Hoja ilikuwa nzito, na hakuna aliyekuwa na nyingine ya kuipinga, hadi Jumamosi ambayo Wakoli alikuja na Probox iliyooshwa na godoro likiwa limetandikwa nyuma.

"Mama aende Kanduyi," alisema. "Nafasi iko, bibi yangu anashinda nyumbani, na daktari wa mazoezi hakai mbali. Na wewe urudi shule."

"Na akiongea huko, nani ataelewa?"

"Nitajifunza."

"Anko, juzi alitaka choo ukampatia kitana."

Mama Gathii, aliyekuwa akimimina maziwa, aliamua kuangalia dari.

Wakoli alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa mama yake. "Mama, tutaenda na wewe ama unataka kubaki hapa kwako?"

"Next," Kukhu akasema.

Wote wakamgeukia Nakhumicha. Naye alikuwa ameisikia vizuri. Ilikuwa Next ya mlangoni, ya muuguzi aliyeshakunja mikono ya sare: niko tayari, twende kazi. Haikuhitaji mkalimani. Ila Nakhumicha aliutazama mto, dirisha, kikombe cha Kukhu kilichopasuka kishikio, akaona nyumba nzima ikipakiwa kwenye Probox.

"Amekataa," alisema. "Anasema habanduki hapa."

Wakoli akainuka na kupangusa magoti. "Basi. Mama hawezi kulazimishwa." Akaanza kwenda nje kukunja godoro. Hakuuliza mara ya pili. Alimwamini, na hilo ndilo lililouma.

"Next."

Hii ilikuwa ya chini, ndefu, isiyo na hasira. Nakhumicha aliifahamu tangu siku za benchi. Ilikuwa ya akina mama walioapa kwamba mtoto amemaliza dawa, huku chupa ikilia imejaa ndani ya mkoba. Kukhu alikuwa akiitoa, kisha anangoja tu. Sasa alingoja, na macho yake yakateremka hadi chini ya kitanda, kwenye sanduku la bati la shule lililoanza kushika vumbi.

Hapo Nakhumicha akaelewa. Kukhu hakuwa ameichagua Kanduyi. Alikuwa tayari kuiacha nyumba yake, jirani yake na kikombe chake, ili mradi sanduku lile litoke chini ya kitanda.

"Anko, rudi," alisema. "Nimedanganya. Amesema twende. Na sasa ananikanya mimi."

"Hiyo ya mwisho hata mimi nimeielewa," Wakoli akasema.

Hawakuondoka siku hiyo, kwa kuwa Nakhumicha alikataa kumkabidhi mgonjwa kwa mtu ambaye hajafuzu. Jumapili alimketisha Wakoli nyuma ya lile pazia, akamwamuru afumbe macho, akaanza kumwigizia.

"Hii?"

"Chai."

"Huo ni mguu unauma. Utatuulia Kukhu."

Kukhu mwenyewe alisikiliza akiwa kitandani, na kila mwalimu alipokosea alikatwa na Next fupi. Jioni ilipokaribia, Kukhu alisema yake moja, polepole, ikishuka.

"Anko?"

"Hiyo ni asante," Wakoli alisema. "Tangu Aprili ananiambia hivyo kila nikiaga. Mimi nilikuwa nadhani ananifukuza."

Jumatatu, kabla ya kushika barabara ya Webuye, Probox ilisimama kwenye lango la shule. Wakoli akashusha sanduku. Nakhumicha aliinama dirishani. Alikuwa ametayarisha hotuba ya shukrani yenye utangulizi, kiini na hitimisho, kuanzia mandazi ya zahanati hadi karo ya Kidato cha Tatu. Alipofungua kinywa, yote yakawa yameibwa. Likabaki neno moja.

"Next," alisema, polepole, ikishuka. Hakuiga sauti ya mtu. Ilikuwa yake.

Kukhu alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akayafungua, akatazama kushoto na kulia kwenye lango lisilo na mtu ila mlinzi, kana kwamba foleni ni ndefu.

"Next!"

Nakhumicha akatoa ulimi.

"Wewe," mlinzi akasema, "unatolea nyanya yako ulimi?"

Hakuweza kumjibu, maana ulimi ulikuwa bado unakaguliwa. Kukhu alipoitikia kwa kichwa kwamba mgonjwa huyu ni mzima, Nakhumicha aliliinua sanduku lake, akaingia.