Skrubu za Venanti na Mtungi wa Nduwayezu

Mume wangu Venanti ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo wetu hapa Heru Juu. Posa, mahari, ugomvi wa mipaka, yeye ndiye aliyesimama, na watu waliacha majembe wakaja kumsikiliza. Kisha baiskeli ikamwangusha kwenye mteremko wa kwenda Kasulu mjini, meno mawili ya mbele yakabaki barabarani, na maneno yake yakaanza kutoka na mluzi. Watoto walicheka mara moja tu. Akanyamaza. Kanisani kimya, mezani kimya, hata akimwona mbuzi anakula maharage shambani ananionyesha kwa kidole. Miaka yote nilimwomba apunguze maneno, na alipoyaacha yote nilikaribia kurukwa na akili.

Ndiyo maana, mwaka ule wa 1999, daktari mgeni alipofika mjini na mkoba wa skrubu za kupandikizia meno, mimi ndiye niliyemburuta Venanti mpaka kwenye kiti. Daktari alimtoa damu mkononi, akaitia kwenye mashine iliyoizungusha mpaka ikajitenga. Akachukua ile sehemu ya manjano iliyojaa chembe za kugandisha damu, akaifanya nzito kama uji wa mtoto, akaipaka kwenye taya alimozifunga skrubu mbili. Tabibu wa meno wa pale, dada Asmahani, alinieleza kwamba mfupa wa mbele ulikuwa umepungua, na chembe zile zingeuhimiza ukue na kuzishika skrubu.

"Dawa ni damu yake mwenyewe," alisema Asmahani. "Lakini akinyonya kitu, ile dawa itavutwa nje, nyuzi za kushonea fizi zifumuke, na skrubu zitalegea. Hatuna nyingine. Nakukabidhi wewe, mama, si yeye. Asitafune kwa mbele, asivute sigara, asinyonye chochote. Hata soda kwa mrija ni marufuku."

Venanti aliitikia kwa kichwa kila neno. Mwanamume anayeitikia hivyo hajasikia kitu, mke yeyote anajua.

Wiki hiyohiyo ilikuwa siku ya kupeleka mahari ya mpwa wake Reverien, kwa mzee Nduwayezu wa Munanila. Baba wa kijana alikwisha kufa, kwa hiyo Venanti alikaa mahali pake. Nilimsihi abaki nyumbani na uso wake uliovimba.

"Oya," alisema. Neno la kwanza tangu asubuhi, nalo ni hapana.

"Watakupa umuheha unyonye pombe. Utafanya nini?"

"Dada alikataza mrija wa soda."

"Na umuheha ni nini, Baba Irakoze?"

"Umuheha ni heshima," akajibu, akatangulia.

Basi nikambana Tharsisi, aliyepewa kazi ya kusema badala ya mume wangu, mtu anayepotea ndani ya salamu zake mwenyewe. Nikamwambia, kabla ya yote waeleze habari za mdomo wa Venanti. Akaapa atafanya hivyo.

Tulipokaa, Nduwayezu aliweka mtungi wa pombe ya mtama katikati. Akachovya umuheha wake, ule mwanzi mrefu wa kunywea, akavuta yeye kwanza ili wote tuone hakuna ubaya ndani, kisha akamnyooshea Venanti. Kwetu kila mtu anajua: mzazi wa kijana akiuacha umuheha hewani, amesema pombe ina sumu na binti abaki kwao. Tharsisi alikuwa bado yuko kwenye mvua za vuli na bei ya maharage. Kwenye mdomo hakuwa amefika.

Venanti akaupokea. Nikakohoa kutoka kwenye mkeka wa wanawake. Akanitazama, akagusa shavu la kulia, maana yake atanyonya kwa upande huo. Kana kwamba mdomo ni nyumba ya vyumba viwili.

Uvumilivu ukaniishia. Nikasimama, nikapita mbele ya wazee wa watu, nikamnyang'anya umuheha, nikanywa mimi. Nilikunywa kwa hasira, na nilikunywa nyingi.

Nduwayezu aliuliza polepole, "Ni ukoo gani huu ambao mke anampokonya mume umuheha?"

Reverien aliinamisha kichwa. Nami nimesimama na mwanzi mkononi natamani ardhi inimeze, maana nilikuwa nimemharibia kijana ndoa yake kwa ajili ya skrubu mbili.

Ndipo Venanti alipoinuka. Akaondoa kiganja alichozoea kufunikia mdomo.

"Nduwayezu, umenizoea nikisema," alianza, na mluzi ukatoka kama nilivyouogopa. Mtoto mmoja akacheka. Venanti akangoja kicheko kiishe, vile alivyokuwa akifanya zamani. "Nina nyuzi kwenye fizi. Nikinyonya zinafumuka. Huyu hajaikataa pombe yako, ameinywa mbele yenu. Mpaka mfupa wangu ushike, mdomo wangu ni huu." Akanionyesha mimi.

Kisha hakukaa. Alimsifu binti, alimtaja marehemu baba wa kijana, alizungumzia hata ng'ombe ambao hatukuwa tumewaleta, mpaka Nduwayezu mwenyewe, akicheka, akamwomba aketi ili watu wale chakula. Mimi nilikuwa nalia, na sikuona sababu ya kujificha.

Miezi ikapita, daktari akarudi. Asmahani aligonga skrubu kwa mpini wa kioo chake, zikatoa mlio mkavu, zimeshika. Venanti akawekewa meno. Sasa anaongea tangu jogoo wa kwanza, na kila ngoma umuheha unaletwa kwangu kwanza, kwa sababu mimi ni mdomo wa Venanti. Nikisema kazi hiyo imekwisha, hakuna anayenisikiliza, na kichwa kinaniuma mimi.

Juzi tukimenya mihogo nilimwambia anyamaze kidogo. Akanyamaza kweli. Nilivumilia mhogo mmoja, kisha nikamwambia aendelee.