Mama Turubai Habebwi

Kikao kilifanyika sebuleni kwake mwenyewe, juu ya makochi aliyoyashonea vitambaa kwa mikono yake, na yeye hakualikwa. Alichoombwa ni kuleta chai. Ndiyo, hivyo hivyo! Watoto watatu aliowazaa kwa uchungu wameinamiana vichwa, wanamjadili mama yao kama watu wanaojadili kabati: tulihamishie wapi, likae upande gani, nani atalifuta vumbi.

Alipoingia na sinia, kifungua mimba wake alikuwa anahitimisha. Huyu ni afisa wa bima, na nyumbani jina lake ni Bima tu, maana tangu utotoni haoni ngazi bila kuona mtu anaanguka.

"Mwisho wa mwezi anafunga karakana," alikuwa anasema. "Chumba cha nyuma kwangu nimeshakipaka rangi."

"Anafunga nani?" mama akauliza.

Mtoto wa pili, binti muuguzi, akajifanya anatafuta kijiko.

"Mama, kaa kwanza," Bima akasema, kwa ile sauti anayowatolea wateja waliopata ajali. "Tangu baba atutoke unashinda peke yako na yale maturubai. Juzi umeanguka."

"Nimejikwaa. Waya wa pasi. Hata wewe ungejikwaa."

"Umekula chumvi nyingi, mama. Sasa pumzika. Sisi tupo, tutakubeba."

Neno hilo la kubebwa ndilo lililomchoma. Mtaa mzima unamwita Mama Turubai. Miaka thelathini na moja anashona maturubai ya malori na mahema, kwa cherehani nzito ambayo vijana wawili hawaiinui. Siku moja sindano ilimpenya kidole hadi upande wa pili, akaichomoa kwa koleo, akafunga kitambaa, akamaliza mshono. Halafu mtu uliyemfunga nepi ndiye anakuambia atakubeba!

Akaweka sinia mezani, taratibu, bila kumwaga tone.

"Basi na mimi nina tangazo. Kabla ya huo mwisho wa mwezi wenu, naruka kutoka kwenye ndege. Kwa parachuti. Halafu ndiyo mje mniambie nani anafunga nini."

Kitinda mimba akaangua kicheko. Wenzake wakamfuata. Mama hakucheka.

Msidhani ni hasira tu iliyomtoka mdomoni. Miaka kumi na moja iliyopita alikuja karakana mwanamume mwembamba, mwalimu wa kuruka, na mifuko ya parachuti iliyoharibika zipu. Mama Turubai akazibadilisha zote, na wakati anashona akamuuliza kila kitu: mtu anapumuaje huko juu, anashukia wapi, anaogopa lini. Jioni ile akamwambia mumewe kwamba angependa kujaribu. Mume akasema, "Ukitaka kuona mawingu toka nje, angalia juu." Wakacheka wote wawili. Alimpenda yule mzee, Mungu amrehemu, lakini kicheko kile alikimeza bila kutafuna, na kilikuwa bado kimemkaa kooni.

Wiki nzima simu haikupoa. Muuguzi akamweleza habari za mifupa. Shangazi wa watoto akauliza kama amepimwa kichwa. Bima, alipoona vitisho havifui dafu, akageuza kibao.

"Sawa mama, utaruka. Lakini mahali nachagua mimi."

Na alishachagua. Klabu mpya, ofisi ya vioo, na siku ameshapanga. Hata namna ya kuruka amepanga: mama atafungwa mikanda kifuani kwa mwalimu, washuke pamoja. "Wewe hutafanya chochote. Utakunja miguu tu."

Mama Turubai akaenda naye, kwa sababu kuangalia si kukubali.

Pale mapokezi palikuwa na runinga kubwa ya watu wanaocheka angani, na fulana za kuuzwa. Mhudumu kijana akamwita "bibi" na kumpigia kelele kana kwamba ni kiziwi. Bibi akaomba kuona mikanda.

"Iko salama kabisa, bibi!"

"Sikuuliza kama iko salama. Nimeomba kuiona."

Ukutani ilining'inia jozi moja. Akaishusha mwenyewe, akaifanya anavyofanya kila kitu kinachotua mezani kwake: akaigeuza nje ndani. Nje ilikuwa nzuri, mshono umenyooka. Ndani, kwenye mkanda wa paja, urefu wa vidole vinne, uzi ulibadilika. Akailowesha ncha kwa mate, akaisokotoa kati ya vidole, akavuta. Uzi ukakatika, pap!

"Huu ni uzi wa pamba," akasema. "Huu ni wa mashati. Nani kashona hapa?"

"Aah, hapo palirekebishwa kidogo..."

"Nionyesheni mnapokunjia parachuti."

"Wageni hawaruhusiwi."

"Mimi si mgeni, mwanangu, mimi ni mzigo. Mzigo unataka kuona kamba yake."

Bima akamvuta kiwiko. "Mama, unanitia aibu. Hawa watu wana vyeti, hivyo ukutani."

"Basi wakuning'inize wewe kwa cheti."

Akatoka. Ndani ya gari Bima alipumua kwa nguvu, na wala hakuficha furaha yake. "Basi, tumemaliza. Tumejaribu, imeshindikana. Chumba kinakungoja."

"Wewe ndiye uliyejaribu," mama akasema. "Mimi sijachagua bado."

Kesho yake akajifunga kibwebwe, akaenda peke yake kwa yule mwembamba. Huko hakukuwa na vioo. Lilikuwa banda la mabati, viti vya plastiki, na choo ambacho lazima uimbe ukiwa ndani, maana mlango haufungi. Lakini katikati ya banda ilikuwepo meza ndefu iliyosuguliwa, na mwanamke mnene aliyekuwa anakunja parachuti, anahesabu kamba moja moja kwa midomo, na kabla hajamaliza hamsalimu mtu. Kila mfuko ulikuwa na kadi: tarehe, jina, sahihi. Mifuko mitatu ilikuwa na zipu alizozishona yeye miaka ile, bado zinateleza vizuri.

Mama Turubai akachukua mikanda akaigeuza. Yule mkunjaji hakukasirika. Alimsogezea taa.

"Geuza na hii," akasema. "Na hii. Mimi mwenyewe huwa silali vizuri mpaka nizigeuze."

Wakatazamana. Basi, mahali pakawa pamepatikana.

Ikabaki namna. Mwalimu akamweleza bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Njia ya kwanza, unafungwa kwa mwalimu, mnatoka juu sana, mnaanguka karibu dakika nzima. Njia ya pili, unaruka peke yako kutoka chini kidogo, kamba iliyofungwa kwenye ndege inakufungulia parachuti. Lakini kwa hiyo ya pili lazima kwanza ujue kuanguka: unaruka kutoka jukwaani, magoti yamebanana, unabingirika, tena na tena.

"Kwa umri wako, mama, nakushauri ya kwanza."

"Nimebeba watoto watatu mgongoni huku nashona," mama akasema. "Mimi sibebwi. Nikishindwa mazoezi je?"

"Sikupandishi. Hata ukilia."

Jibu hilo alilipenda kupita maelezo. Huyu alikuwa anaangalia miguu yake, siyo mwaka wake wa kuzaliwa.

Daktari akamsikiliza moyo, akambonyeza magoti, akaandika mstari mmoja wa kuruhusu. Asubuhi aliruka jukwaani, mchana aliruka karakanani, kutoka meza ya kukatia hadi kwenye rundo la maturubai. Dereva mmoja wa lori aliyefuata mzigo wake alimkuta fundi yuko hewani, akarudi nje kusoma kibao cha mlangoni kama hajapotea. Siku nyingine mlangoni alisimama binti yake muuguzi. Aliangalia mruko wa kwanza, akaangalia wa pili. Mama akangoja mhadhara wa mifupa.

"Magoti, mama," binti akasema kwa sauti ndogo. "Yabane zaidi."

Siku ilipofika, huyo binti ndiye aliyemwambia kaka yake, na Bima akaja mbio na tai yake shingoni, amekuja kuzuia. Mwalimu akamwonyesha mstari wa chokaa ardhini. "Watazamaji wanaishia hapo," akasema. Ndege ikaruka.

Nisiwadanganye, mlango ulipofunguka Mama Turubai aliogopa. Aliogopa vibaya. Wiki zote hizo ubishi ndio uliomsimamisha, na huko juu hapakuwa na wa kubishana naye. Upepo haukumwita bibi wala haukumkataza. Akaushika ukingo wa mlango, hakuuachia.

"Mama, tunaweza kushuka na ndege," mwalimu akamwambia sikioni. "Hakuna aibu."

Akapitisha dole gumba kwenye mkanda wa kifuani, upande wa ndani. Mshono ulikuwepo, sawasawa, hatua kwa hatua, uzi ule ule mwanzo hadi mwisho. Akaona kwamba akirudi chini sasa hakuna atakayemlazimisha chochote; atakwenda tu mwenyewe kwenye kile chumba kilichopakwa rangi. Akajitupa.

Tumbo likabaki juu, roho ikatangulia. Kisha mikanda ikambana mapajani, na juu yake parachuti ikafunguka, mapande yote, mishono yote. Kukawa kimya. Chini banda lilikuwa kiberiti, na mtoto wake mkubwa nukta nyeusi kando ya mstari mweupe. Mama Turubai akavuta pumzi, akapiga kelele kwa mapafu yote aliyopewa na Mungu:

"Anafunga naaani?"

Ardhi ikaja haraka kuliko jukwaani. Magoti yakabanana, bega likapiga, akabingirika, mchanga ukamjaa mdomoni. Kabla hajautema, Bima alikuwa ameshavuka mstari, anakuja huku tai imemrukia begani, machozi yanamtoka bila mpango.

"Mama! Usiinuke! Usijisogeze, nakubeba!"

"Toa mkono."

"Mama—"

"Toa mkono, baba."

Akainuka. Goti moja kwanza, halafu la pili, na katikati akapumzika kwa sababu liliuma kweli, na hakumficha mtu kwamba linauma. Alipokwisha kusimama akatema mchanga, akaikusanya parachuti mikononi kama alivyofundishwa, akaijaza kifuani kwa mwanawe mpaka ikamfika machoni.

"Unataka kubeba? Haya, beba hii."

Akatangulia kuelekea bandani, anachechemea. Nyuma yake alisikia hatua za Bima, polepole, za mtu asiyeona mbele.

"Jumatatu nafungua saa mbili," akasema bila kugeuka. "Na usiziburuze hizo kamba. Zina mwenyewe."