Ng'ombe wa Karatasi

Shule za upande wa Garsen ziliburuta mkia tena katika mitihani, na wakubwa wa elimu walipokaa kumtafuta mchawi, kila mmoja alimsukumia mwenzake. Walimu wa gredi ya sita waliwalaumu wa gredi ya kwanza, wa gredi ya kwanza wakailaumu chekechea. Chekechea haikuwa na wa kumlaumu, maana chini yake hakuna darasa. Ikaamuliwa basi kwamba watoto wapimwe kabla ya kupanda gredi ya kwanza, na atakayeshindwa arudie.

Uamuzi huo ulimnyima raha Mwalimu Linda, Mgiriama aliyekuwa akifundisha chekechea ya umma katika kijiji cha Waorma nje kidogo ya mji. Hofu yake kubwa ilikuwa juu ya mwanafunzi wake Ifrah. Babake, Liban, alikuwa akijiandaa kuwahamishia ng'ombe deltani kutafuta malisho, na kwa kawaida familia nzima hufuata. Lakini alikuwa amempa mkewe Darmi neno lake: Ifrah akivuka kwenda gredi ya kwanza, atabaki kwa shangazi yake asome. Asipovuka, atafuata ng'ombe. Liban hakuwa mtu wa kubadilisha maneno.

Linda akaona asikae tu mikono mitupu. Karatasi za kupimia zilizoletwa zilikuwa na picha za matufaha, tunda ambalo watoto wale hawajalitia mdomoni. Aliomba ruhusa, akashika kalamu za rangi, akachora ng'ombe, weupe, wenye nundu, kama wale wanaopita mbele ya darasa kila asubuhi. Jasper, afisa aliyetumwa kutoka Hola kuja kupima, alipoziona picha hizo alimsifu. "Hapa umefikiria, mwalimu," akasema. Linda alifurahi, na nani asingefurahi?

Ifrah alipoitwa alizitaja herufi zote bila kusita. Kisha Jasper akamsogezea picha.

"Hawa ng'ombe ni wangapi?"

Mtoto akainamisha macho. Jasper aliuliza tena, polepole, kwa sauti ya upole. Ifrah alikaa kimya. Linda, ambaye hakuruhusiwa kusema lolote, alikuwa akimwombea kimoyomoyo, kwa sababu huyu ndiye mtoto aliyehesabu maharagwe hadi wenzake wakamsihi apumzike. Jasper alisubiri kwa subira, hilo tumpe haki yake, halafu akaandika kwamba hajui. Aliyefuata naye alinyamaza, na aliyemfuata vilevile. Karibu darasa zima likaambiwa lirudie.

"Sasa naona tatizo linaanzia wapi," Jasper akasema alipokuwa akipanda pikipiki yake.

Jioni ile Linda alikwenda kwa kina Ifrah. Habari ilikuwa imemtangulia, na punda walikuwa tayari wanafungwa mizigo. Darmi alimpa kikombe cha maziwa na pa kukaa.

"Mama Ifrah, mimi sielewi," Linda akasema. "Kuhesabu anajua. Nilimwekea ng'ombe makusudi, asiogope."

Darmi aligeuka. "Umeweka ng'ombe?"

"Nilichora mwenyewe."

"Mwalimu, sisi ng'ombe hatuhesabu na mdomo. Ukihesabu, jicho baya linaingia, wanakwisha. Mtoto akijaribu, tunachapa."

Linda alikiweka kikombe chini. Liban, aliyekuwa akikaza kamba karibu nao, aliacha kazi yake akamwita bintiye.

"Ulijua ni wangapi?"

Ifrah akaitikia kwa kichwa.

"Mbona hukusema?"

"Ni ng'ombe, baba."

Liban akamwekea mkono kichwani. Alikuwa akijivunia mtoto wake, na Linda aliona.

"Kosa ni langu, si lake," Linda akasema. "Baba Ifrah, nipe siku chache tu." Palepale akampigia Jasper simu, akamweleza yote. Jasper alisikiliza, akaomba radhi, akasema hawezi kuyabadilisha matokeo peke yake. Atawaeleza wakubwa wake.

"Ng'ombe hawawezi kungoja wakubwa," Liban akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Linda zaidi. "Mwalimu, wewe umekaa na sisi miaka mingi. Umekunywa maziwa yetu, umezika na sisi. Hili hukujua?"

Linda hakuwa amewahi kuuliza. Miaka yote ile alidhani kwamba darasani pale anayefundisha ni yeye peke yake. Aliaga akaenda zake huku machozi yakimtoka, na hakuyaficha.

Walihama asubuhi yake. Ifrah alipita mbele ya chekechea amevaa sweta ya shule, amembeba mwanambuzi, akamwamkia mwalimu wake kwa adabu kama siku zote. Linda aliitikia marahaba.

Jumatatu Jasper akapiga simu, sauti yake imechangamka. Wakubwa wamekubali, watoto watapimwa upya, safari hii kwa maharagwe.

"Huyo Ifrah umwandae vizuri," akasema.

"Ameshakwenda na ng'ombe."

"Si umtumie babake ujumbe amrudishe?"

"Amrudishe kwa sababu gani?" Linda akauliza. "Babake alisema asipovuka atafuata ng'ombe, na hageuzi neno lake. Na sisi ndio tuliomwambia hakuvuka."